Uzi wa Jumanne

Shati la kwanza liligeuka bichi siku ya Jumatatu, mchana kweupe, jua likiwa utosini.

Dobi alikuwa amelipiga pasi asubuhi, akalikunja, akaliweka juu ya meza mpya pamoja na mengine sita ya mwenye duka la vioo. Aliporudi kutoka kula, yale sita yalikuwa makavu kama karatasi, na lile la juu limelowa kuanzia kola hadi kifuani. Halikuonekana kama limemwagikiwa maji. Lilikuwa kama limekamatwa na mkono wenye maji, likavutwa kwa nguvu, likaachiwa. Kola ilikuwa imekunjamana upande mmoja tu.

"Nani kagusa hizi nguo?" aliuliza.

Mkewe alikuwa uani anasuuza mashuka. "Mikono yangu yote miwili imo humu ndani ya beseni. Au unautafuta wa tatu?"

Dobi akacheka, akalipiga pasi upya.

Mtaani walimwita Mzee Wanga, kwa ajili ya wanga aliotia kwenye kola. Kola zake ziliweza kusimama zenyewe bila shingo ndani yake. Wenye utani walikuwa wakisema kwamba huyu ndiye mwanga pekee anayefanya kazi mchana, naye akicheka nao, kwa kuwa mtu anayetaniwa na wateja ni mtu anayeletewa nguo. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Palikuwa na kaunta, rafu mbili, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya siku umeme ukikatika, na sasa hiyo meza, ambayo seremala alikuwa ameileta wiki iliyopita. Ilitengenezwa kwa mbao moja nene ya zamani, pana, nzito hata watu watatu walihema kuibeba. Ubavuni kilibaki kitasa cha chuma. Seremala alishindwa kukitoa bila kupasua mbao, na Dobi aliona hakina madhara yoyote.

Jumanne lililowa shati jingine, tena la juu, tena kwenye kola. Jumatano Dobi aliamua kutokwenda kula.

Alikuwa peke yake, mkewe amepeleka mashuka nyumba ya wageni, na barabara imenyamaza kwa joto, ndipo aliposikia kitasa kikizunguka. Kle. Kikatulia. Kle. Alitazama mlango wa mbele. Ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe. Alitazama wa uani, nao wazi. Kisha akatambua kwamba sauti ile inatoka chini ya viganja vyake, ndani ya meza, kwenye kile kitasa kisicho na ufunguo wala kitu cha kufungua, na kabla hajaondoa mikono zikafuata nyayo za ndala, za polepole, za mtu anayeijua nyumba na hataki kumwamsha aliyelala, zikapita kutoka dirishani hadi ukutani pasipo na mtu, halafu kikohozi kikavu, kimoja, cha mwanamume, halafu kiti kikaanguka kwa kishindo ingawa kiti pekee chumbani alikiona kwa macho yake kimesimama wima, na baada ya kishindo ukaja ukimya uliojaa harufu ya kafuri, harufu ya maiti aliyekwisha kuoshwa, ikamwingia puani na kooni mpaka machozi yakamtoka.

Mkewe alimkuta amesimama barabarani na pasi mkononi, waya umeng'oka ukutani.

"Una nini?"

"Ingia ndani unuse," alinong'ona. "Usiseme kitu. Nusa tu."

Aliingia, akatoka upesi kuliko alivyoingia. "Nani kafa?" naye akanong'ona.

Tangu siku hiyo ikawa kila saa sita mchana. Kitasa, ndala, kikohozi, kiti. Kuwapo watu dukani hakukusaidia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali alisikia kikohozi nyuma ya shingo yake, akaiacha suruali na viatu. Bibi harusi mtarajiwa alirudisha gauni lake akilia kwamba linanuka kaburi. Na utani wa Mzee Wanga ukachacha. Watu walilitamka jina lilelile, lakini sasa walilitamka wakiwa upande wa pili wa barabara.

Mke wa Dobi ndiye aliyemleta mganga. Walitarajia mtu wa vishindo na mavazi. Alikuja mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa ofisini, anayeongea kama karani wa benki. Aliketi, akangoja saa sita, akasikiliza mambo yote mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akapapasa meza.

"Huu ulikuwa mlango," alisema. "Umetoka nyumba gani?"

Dobi hakujua. Walimwita seremala, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, naye akasimama kizingitini bila kuvuka.

"Nimeutoa kwenye ile nyumba iliyobomolewa mwezi uliopita," alisema. "Ya yule bibi wa ghorofani. Mpwa wake kakiuza kiwanja. Mbao ya namna ile hupati tena, mzee, nilikuchagulia kwa nia njema."

Dobi aliketi sakafuni. Mkewe akashika kaunta. Mganga aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamruhusu seremala aende, akafunga mlango.

"Haya," alisema. "Niambieni mlichomfanyia."

Ilibidi waseme.

Miaka sita nyuma, yule bibi, mjane mwenye nyumba ya ghorofa moja, alikutwa chumbani mwake amenyongwa. Alikutwa Jumatano asubuhi na mpwa wake. Daktari alisema aliuawa Jumanne jioni. Chumba cha chini alikipanga Fundi Saa, kijana mpole wa kutengeneza saa, ambaye wiki hiyo alikuwa amegombana na bibi kwa sauti kwa sababu bomba la juu lilivujia saa za wateja wake. Mpwa aliwaeleza polisi habari ya ugomvi. Polisi wakapita mtaani kuuliza, wakafika kwa Dobi, wakakuta shati la Fundi Saa lenye doa la damu ambalo sabuni haikulitoa lote.

Shati lile Fundi Saa alilileta Jumanne asubuhi, bibi akiwa hai anapiga kelele dirishani. Kioo cha saa ya ukutani kilikuwa kimemkata kidole gumba. Dobi alilijua hilo pasipo shaka, kwa kuwa kila siku ya juma ilikuwa na rangi yake ya uzi, na mkewe ndiye aliyeshona nyuzi hizo ndani ya kola ili nguo zisichanganyike. Jumanne uzi mwekundu. Jumatano wa kijani. Shati lilikuwa na uzi mwekundu.

"Nilimwambia mpelelezi ni Jumanne," Dobi alisema. "Akaniambia, mzee, umeosha shati lenye damu ya mtu, huko ni kuharibu ushahidi, sasa chagua: wewe ni shahidi au mshtakiwa? Fikiri vizuri, akaniambia. Haikuwa Jumatano? Akaniuliza hivyo siku tatu mfululizo."

"Nikamwambia aseme Jumatano," mkewe alisema, akitazama vidole vyake. "Mimi ndiye niliyemwambia. Tulikuwa na watoto shuleni."

"Akafungwa?"

"Maisha."

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake. "Mnadhani ni yule bibi anayekuja. Siye. Bibi kaondoka, hana habari nanyi. Huyu ni jini wa nyumba ile. Alikaa pale kabla ya bibi, wakazoeana, na siku ile alikuwapo. Aliona na akasikia. Anachowaonyesha kila mchana ni kilekile alichokisikia. Nyumba imevunjwa, akaufuata mlango. Ameukuta mlango kwa nani? Kwa mtu aliyesema uongo kuhusu siku yenyewe."

"Tuuchome mlango," mke wa Dobi alisema.

"Uchomeni mkipenda. Alikuja na mlango, ila kilichomkalisha ni mume wako."

"Basi mtoe! Si ndiyo kazi yako?"

"Kumtoa naweza, dada. Lakini atakuwa amefukuzwa mara mbili, na sijui ataingia wapi kwa hasira. Ni bora kumpa anachotaka." Aliinama, akaweka sikio juu ya mbao, akakaa hivyo kitambo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umepungua rangi. "Ana neno moja tu. Yule mtu bado yuko ndani. Analirudia hilohilo."

Dobi alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ni kazi rahisi," alisema. "Nitakwenda kesho niseme ukweli."

Kesho yake alivaa shati lake bora, akaenda kituo cha polisi. Mpelelezi wa zamani alikuwa amestaafu. Aliyekikalia kiti chake alisikiliza hadi nusu, akaweka kalamu chini.

"Mzee, kesi imefungwa. Mtu kahukumiwa. Unataka nifanye nini, niifungue kwa kisu?"

"Andika maelezo yangu tu."

"Nikiyaandika, nakushtaki kwa kusema uongo mahakamani. Ndicho unachokitaka?"

"Nishtaki!"

Yule askari alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Dobi kuliko tusi. "Nenda nyumbani, mzee. Joto hili linatusumbua sote."

Alikwenda ofisi ya waendesha mashtaka. Wakamwambia alete barua kutoka polisi. Alirudi polisi, wakamwambia barua kama hiyo hutolewa ikiwa ofisi ya waendesha mashtaka imeiomba. Alikwenda gerezani; wakamwambia siku ya kutembelea imepita, na isitoshe, wewe ni nani wa mfungwa? Alikwenda mahakamani, akasimama foleni hadi dirishani, na dirisha likafungwa mbele ya pua yake kwa kuwa aliyeshika daftari alikuwa likizo na funguo alikuwa nazo yeye.

Na kila aliporudi, jini alikuwa amemtangulia kukasirika. Hakungoja tena saa sita. Nguo zililowa zikiwa kwenye kamba, juani, na maji yake yalikuwa baridi kama ya kisimani. Kiti cha kweli, kile kimoja, kilianza kuanguka. Siku moja Dobi aliinua pasi na kukuta chini yake, juu ya kitambaa cheupe, alama ya vidole vitano iliyoungua, vidole virefu vyenye kiungo kimoja zaidi ya vya binadamu.

Hapo alipandwa na wazimu. Aliipiga meza kwa ngumi.

"Nimekwenda!" alipiga kelele. "Polisi nimekwenda! Kwa waendesha mashtaka nimekwenda mara nne! Wewe unadhani kule ni kuingia tu ukasema? Kuna barua! Kuna muhuri! Kuna mtu wa likizo! Unataka nini kwangu, mwana wa moto wewe, nibomoe gereza kwa mikono?"

Kisha kutoka ndani ya mbao, karibu sana, sauti kama ya maji kwenye bomba refu, sauti ambayo mkewe pia aliisikia na hakuisahau maisha yake yote, ilisema: "Yule mtu bado yuko ndani."

Mkewe alikuwa amejibanza ukutani. "Ofisi zote hizi," alinong'ona, "umeacha kwenda mahali pamoja tu."

Alijua ni wapi. Alipajua tangu siku ya kwanza. Ofisi zote zile alizizunguka kwa sababu ofisini hakuna mtu wa kumtazama usoni.

Fundi Saa alikuwa na dada, mwalimu wa shule ya msingi. Walimkuta darasani baada ya vipindi, anasahihisha madaftari. Alimtambua Dobi papo hapo, akaendelea kusahihisha.

"Shati lilikuja Jumanne," Dobi alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani. Yote yalikuwa yamemtoroka, yakabaki hayo.

Kalamu nyekundu ilisimama.

"Rudia."

"Jumanne, Mwalimu. Asubuhi. Nilidanganya."

Mwalimu alifungua droo, akatoa faili lililonenepa hadi likafungwa kwa ukanda wa suruali. Aliliweka mezani taratibu, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

"Miaka sita," alisema. "Barua mia na ngapi sijui. Mama yangu amekufa, na msibani watu wakaniuliza kama muuaji ataruhusiwa kuja kuzika. Mimi mchumba aliniacha. Na wewe, mzee, ulikuwa pale barabarani unapiga pasi. Nilikuwa napita mbele ya duka lako kila siku kwenda kituo cha basi. Kila siku! Ulikuwa ukiniamkia!"

"Ndiyo."

"Kwa nini sasa?"

Dobi alimtazama mkewe. Akasema yote: meza, kitasa, ndala, kafuri, vidole. Alitarajia acheke au awafukuze. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo mimi nililia miaka sita, hukusikia," alisema. "Jini kalia wiki sita, umesikia."

Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Twende kwa wakili."

Wakili alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, aliyeongea akitembea. Alilikuta shati katika ghala la vielelezo baada ya kuambiwa mara tatu kwamba limepotea na mara moja kwamba limeliwa na panya. Uzi mwekundu ulikuwamo ndani ya kola, mahali pake. Alifungua maombi ya ushahidi mpya, akamketisha Dobi ofisini kwake siku nzima kumfundisha.

"Watakuuliza kwa nini sasa. Utasema dhamiri ilikusuta. Neno moja, mzee, dhamiri. Ukitaja jini, tumekwisha. Umenielewa? Tumekwisha."

"Lakini nitakuwa nimeapa kusema kweli."

"Dhamiri si kweli?"

Dobi alifikiri. "Kwa kiasi," alisema.

Siku ya kusikilizwa, majaji watatu waliketi juu, feni zikinung'unika darini, na Fundi Saa akaletwa. Dobi alimtambua kwa kovu la kidole gumba. Vingine vyote vilikuwa vimekonda. Nyuma kabisa aliketi mpwa wa marehemu, mwanamume mnene mwenye suti nzuri. Katikati yao Mwalimu, faili mapajani, hapumui.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Dobi alisema Jumanne. Alieleza nyuzi. Shati lilipitishwa mkono kwa mkono, majaji wakaugusa uzi mwekundu kwa ncha za vidole. Jaji aliyeketi katikati aliandika kitu kirefu. Kisha wakili wa serikali akasimama, mtu mtulivu, akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika moja.

"Mzee, hapo awali uliapa ukasema Jumatano. Leo umeapa unasema Jumanne. Ni nini kilichobadilika?"

"Dhamiri," Dobi alisema.

"Dhamiri iliyolala miaka sita? Iliamshwa na nani?"

"Na... yenyewe."

Mara ile aliposema uongo huo mdogo, alisikia kafuri. Aligeuka kumtafuta mkewe, akamwona naye amekamata benchi, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kama anayesema hapana, si hapa, si sasa, tafadhali, na Dobi akauma meno, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili na kumsihi moyoni yule aliyekuwa anakuja, ngoja, baba, ngoja kidogo tu, tumebakiza dakika chache, huku si nyumbani, huku kuna taratibu, lakini baridi ilikuwa imekwisha kupanda kutoka nyayo zake hadi magotini, hadi kiunoni, hadi shingoni, kola ya shati lake bora ikalowa chapachapa mbele ya watu wote, na mdomo wake ukafunguka bila ruhusa yake, ukatoka sauti ya maji ndani ya bomba refu.

"Nilikuwapo," ilisema sauti. "Aliingia mwenye ufunguo. Fundi hakuwa na ufunguo. Alivaa ndala. Alikohoa. Bibi aliamka akamwita mwanangu. Kiti kilianguka. Yule mtu bado yuko ndani. Kwa nini bado yuko ndani? Nyinyi mmekaa juu, mnaona mbali. Kwa nini bado yuko ndani?"

Chumba kizima kiliganda. Na katika ule ukimya, kule nyuma, mtu mmoja alikohoa. Kikohozi kikavu, kimoja. Mke wa Dobi aliruka kama aliyechomwa. Alikuwa amekisikia kikohozi kile kila mchana, angekitambua katikati ya soko. Aligeuka kwa wakati tu wa kumwona mpwa wa marehemu akitoka mlangoni, mkono mdomoni.

"Ni yeye!" alipiga kelele. "Ndiye huyo!"

"Kimya mahakamani!" Jaji wa katikati alikuwa amesimama. "Mtoeni huyo mama! Na maneno ya mwisho ya shahidi yafutwe, yasionekane popote!"

Dobi alikuwa ameanguka kizimbani, anahema, amelowa.

Hukumu ilitoka baada ya wiki mbili, kurasa nne. Wakili aliisoma nje ya mahakama kwa sauti iliyokuwa inamkatika. Shahidi, alipokuwa na akili timamu, alisema Jumatano. Sasa akiwa na dalili za wazi za maradhi ya akili, anasema Jumanne. Kuhusu uzi, hakuna anayeeleza maana ya rangi yake isipokuwa shahidi huyohuyo. Mahakama inachagua kuiamini akili timamu. Maombi yametupwa.

"Nilipodanganya nilikuwa mzima," Dobi alisema polepole, kama mtu anayejaribu kusoma lugha asiyoijua. "Niliposema kweli ni mwehu."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajaribu kulifunga lile faili kwa ule ukanda, na tundu halionekani.

Walimtoa Fundi Saa kwa mlango wa pembeni, katikati ya askari wawili. Alipofika usawa wa Dobi alisimama, na askari, sijui kwa nini, wakamwacha.

"Mzee Wanga," alisema. "Uzi ulikuwa mwekundu, si ndiyo?"

"Mwekundu, mwanangu."

"Na ilikuwa Jumanne."

"Ilikuwa Jumanne."

Fundi Saa alishusha pumzi. "Nilianza kudhani nimesahau mimi," alisema. "Kule ndani mtu huambiwa jambo mpaka anaanza kuliona." Wakamvuta, akaenda.

Nyumbani, Dobi aliingia moja kwa moja chumba cha kazi, akasimama mbele ya meza. Hasira zote za zile ofisi, madirisha na mihuri, alizikusanya.

"Umefurahi?" aliuliza. "Tulikuwa tumeshafika! Jaji alikuwa anaandika! Ungenyamaza nusu saa tu, nusu saa, kijana angelala kwao leo. Umekuwapo tangu dunia inaumbwa na hujui kungoja nusu saa?"

Saa sita ikafika, ikapita. Kitasa hakikuzunguka. Waliketi hadi alasiri, mkewe akinusa hewa kama paka. Palinuka sabuni na mkaa, basi. Na ndipo walipokumbuka kwamba tangu ile siku ya kizimbani, wiki mbili nzima, walizozipoteza kwa kungoja hukumu na kuogopa, nguo hazikuwa zimelowa hata mara moja.

"Ameondoka," mkewe alisema, akaanza kutabasamu. Kisha tabasamu likakwama. "Lakini hatukurudi naye."

Wateja walianza kurejea mmoja mmoja. Mwalimu alipita kila siku kwenda kituo cha basi. Hakuingia, ila sasa yeye ndiye aliyeamkia kwanza, na Dobi akaitikia akiinamisha kichwa. Miezi miwili ilipita hivyo.

Asubuhi moja alikuja karani wa mahakama, kijana nadhifu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliweka bahasha juu ya kaunta.

"Ni ya mama," alisema. "Majaji wenyewe wameamua kuipitia upya ile hukumu. Wanataka aliyeshona nyuzi aje kueleza. Mzee asije."

"Kwa sababu ni mwehu," Dobi alisema.

"Mimi sisemi kitu, mzee."

Mke wa Dobi alijifuta povu mikononi, akaipokea bahasha, akaigeuza huku na huku. "Majaji wenyewe? Bila kuombwa?"

Karani alitazama mlangoni, kisha akainama juu ya kaunta, na sauti yake ikashuka hata wakalazimika kumsogelea. "Wiki iliyopita tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Jaji wa katikati anasoma uamuzi, mara akasimama. Akafungua mdomo. Ikatoka ile sauti. Mbele ya wenye mashamba, mama, na watoto wao. Akasema, yule mtu bado yuko ndani. Akafuta jasho akaendelea kusoma, hajui kama amesema. Juzi kasema tena. Jana mara tatu. Mkewe amehamia kwa dada yake." Alitazama tena mlangoni. "Wamenituma... yaani, nimejituma mwenyewe. Tumesikia mnamjua mganga mmoja mzuri. Mama mwenye miwani. Mna namba yake?"

Mke wa Dobi alimtazama mumewe. Kisha akaichukua ile bahasha, akaikunja mara mbili kwa ukucha kama anavyokunja kola, akaitia kifuani.

"Ninayo," alisema. "Nitakupa siku Fundi Saa atakapolala kwao."

"Mama, hayo yanachukua muda. Kuna taratibu, kuna—"

"Ninajua. Barua, muhuri, mtu wa likizo. Kamweleze jini mwenyewe."

Karani alitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa inakaribia saa sita, na alitakiwa kurudi kazini. Akaomba maji ya kunywa, akaketi, akayanywa taratibu sana.